Dawa ya Uchungu

Jumamosi ile Leokadia alipanda na kushuka ngazi za ghorofa lao mpaka jirani wa chini akatoka kuuliza kama kuna mtu anahama. Hakuna aliyekuwa anahama, na hapo ndipo penye tatizo. Mtoto aliyekuwa tumboni mwake alikuwa ameshapitisha tarehe yake ya kuhama, akajipangia nyingine kichwani mwake, na sasa alitulia humo kama mpangaji asiyesikia notisi.

"Niambie ukweli," Leokadia alimwambia Bulonza, jirani yake wa mlango wa pili, aliyekuwa akipanda naye kwa kumwonea huruma. "Tumbo limeshuka au halijashuka?"

Bulonza alikuwa mama wa watoto sita, mtu wa Bukavu, na katika nyumba zile za Shively, pembeni mwa Louisville, hakuna mimba iliyopita bila yeye kuitolea hukumu. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akalitazama tumbo kama fundi anayekagua ukuta. "Bon," alisema. "Imeshuka kidogo. Lakini mutoto iko anasikia muzuri mule ndani. Donc, leo tena tunamulisha pilipili."

Pilipili mtoto alishalishwa. Alilishwa hadi mama yake akalia machozi na pua ikachuruzika, yeye akapiga teke moja la kivivu akalala. Alilishwa mananasi mpaka ulimi wa Leokadia ukachubuka. Alilishwa tende, kilo nzima, zilizotoka Columbus kwa rafiki yake Dorcas. Leokadia alipiga deki nyumba nzima kwa magoti na mikono, akijiambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na alichopata mvunguni ni soksi tu ya Wolfgang. Wolfgang mwenyewe, mumewe, alitoa mchango wake wa kiume kama kliniki walivyoshauri, kisha akalala fofofo na kumwacha mwenzake macho kodo anasikilizia tumbo.

Haraka yote hii haikuwa bure. Mtoto wao wa kwanza, Gift, alizaliwa Columbus miaka mitano nyuma, walipokuwa wakikaa Northland karibu na Morse Road. Uchungu ulikataa kuja, Leokadia akawekewa dripu, mara mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka kwenye mashine, kitanda kikakimbizwa, mtu akamfunika pua kwa kifaa na dunia ikazimika. Alipofumbua macho, mtoto alikuwa ameshafutwa, ameshafungwa vizuri, amelala. Kilio cha kwanza cha Gift walikisikia manesi, alikisikia Wolfgang nyuma ya mlango, hata Dorcas alikisikia kwenye simu. Aliyemzaa peke yake ndiye ambaye hakukisikia. Hakumwambia mtu. Mtoto mzima, mama mzima, sasa unalalamika nini? Lakini jambo lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipohudhuria ubatizo wa mtoto wa mtu, mtoto akalia, yeye alitoka nje.

Safari hii mkunga wa kliniki alimweleza bila kuzunguka. Uchungu ukija wenyewe, atajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Usipokuja, Jumatatu asubuhi atapasuliwa. Pengine atakuwa macho, mkunga alisema, na Leokadia akakumbuka kwamba hata mara ile walimwambia hivyohivyo. Tena kwa kuwa ana kovu la upasuaji wa Gift, alikatazwa mafuta ya nyonyo, mizizi na majani yoyote ya kusukuma tumbo. "Tembea, cheka, cheza, kula. Mitishamba hapana." Leokadia alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kutikisa kichwa ni kazi nyepesi.

Basi Jumamosi ile, miguu ikiwa imevimba na subira imekwisha, akapiga simu Buffalo.

Huko alikuwapo Mama Dafroza, mama yake Wolfgang, aliyetoka Bukoba kuja kumlelea binti yake mtoto. Siku hiyohiyo alikuwa anajiandaa kuja Louisville kumsubiri mjukuu, kwa lifti ya Mushagalusa, Mkongomani mwenye duka Grant Street ambaye hushuka na gari lake la mizigo kupeleka unga wa muhogo na samaki wakavu kwa wateja wake wa Columbus na Louisville. Leokadia alikohoa, akajifunga kitenge vizuri ingawa simu ile haikuwa ya video. Mkwe ni mkwe. Mambo ya kiunoni huyaelezi kwa mamamkwe ukayanyoosha kama risala.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Bado?"

"Bado, Mama. Mama, nisamehe kukusumbua. Ukipata hapo dukani, naomba uniletee dawa ya uchungu."

"Dawa ya uchungu?"

"Ndiyo, Mama. Ya kienyeji. Yenye nguvu."

"Ee waitu," alisema Mama Dafroza kwa sauti ya huruma. "Nitatafuta mwanangu, usijali."

Leokadia alikata simu. Wolfgang hakumwambia. Mkunga hakumwambia. Bulonza alimwambia, maana kumficha Bulonza jambo ni sawa na kuficha moshi, na Bulonza akakunja uso. "Ma chère, na ile kovu? Pilipili ni chakula. Ile ingine ni dawa. Miye naogopa." Leokadia akajifanya hakusikia.

Jioni simu ikalia kutoka Columbus. Wasafiri walikuwa wamefika kwa Dorcas, watalala hapo. Dorcas alikuwa amejifungia bafuni, uso umejaa kioo kizima cha simu, ananong'ona kwa furaha ya mtu aliyepewa siri. "Mama mkwe wako kaniambia shida yako! Mushagalusa kampa kitu, na mimi nimeongeza cha kwangu kutoka duka la Wasomali hapa Morse Road. Shoga, uchungu wako umepatiwa mwarobaini. Hautakusumbua kabisa."

Leokadia alifurahi mno hata maneno yale hakuyapima. Alilala akiwa amekumbatia tumbo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliuona usingizi wenyewe.

Jumapili baada ya misa gari la Mushagalusa liliingia uani likinuka samaki kutoka mlango hadi mlango. Mama Dafroza alishuka na kanga mbili na mkoba mweusi aliokuwa ameukumbatia kifuani. Leokadia, kwa desturi ya kwao, akataka kupiga magoti kumsalimia. Alifika nusu ya safari, akakwama. Hawezi kushuka, hawezi kupanda. Mama Dafroza akamdaka kwapani.

"Inuka, inuka! Ukinizalia hapa kwenye lami nitawaambia nini watu wa Bukoba?"

Mgeni njoo mwenyeji apone, alijisemea Leokadia, macho yakiwa kwenye mkoba. Hakungoja hata mgeni anywe maji. Alimvuta jikoni, akarudisha mlango. Sufuria ya maji ilikuwa inachemka tangu walipotoka kanisani.

Mama Dafroza alitoa kifurushi cha kwanza, majani makavu ya kijani, akayatumbukiza yote katika maji yale. Harufu ikapanda. Leokadia akarudi utotoni mzimamzima. Aliuona ua wa bibi yake, akajiona amebanwa pua na kushikwa mikono, ananyweshwa kikombe cha majani machungu ya kutoa minyoo.

"Mama," alisema polepole. "Hii si mubirizi?"

"Si ndiyo! Nilimwambia Mushagalusa nataka dawa ya uchungu, ya kienyeji, yenye nguvu. Akaniambia ya uchungu kushinda hii hana, hata Kongo nzima haipo." Akatoa kichupa. "Na hii katoa Dorcas. Ni ya kuchua kiuno. Inatuliza maumivu vizuri sana. Mimi sikujua ni ipi hasa unayotaka, nikabeba zote."

Leokadia alivuta kiti akakaa. Moja chungu kwa ulimi, nyingine ya kutuliza maumivu. Kilomita zote zile, majimbo yote yale, na ndani ya mkoba hapakuwa na hata chembe ya kile alichokuwa anakingoja.

"Mama, mimi nilitaka ya kuleta."

"Ya kuleta nini?"

"Uchungu! Ya kuleta uchungu, Mama!"

Alikuwa amempigia mamamkwe kelele. Mlango ukafunguka, Wolfgang akaingia, Gift nyuma yake, na nyuma ya Gift akatokeza Bulonza, ambaye hakuna aliyemwita.

Mama Dafroza alisimama na mwiko mkononi. "Mwanangu, hebu tusemezane. Dawa ya malaria inaleta malaria?"

"Na dawa ya usingizi, Mama, inaondoa usingizi?"

Mama Dafroza akarudi kukoroga sufuria. Hilo hakuwa amelifikiria. Mushagalusa naye akawa amefika mlangoni na gunia la unga begani, akalishusha, akalifikiria suala hilo kwa makini ya mfanyabiashara.

"Na dawa ya meno?" aliuliza. "Ile inaleta meno ao inaondosha meno?"

Bulonza aliangua kicheko. Lakini Leokadia alikuwa analia, na alipoanza hakuweza kujizuia tena. Akayasema yote palepale mbele ya sufuria. Kwamba kesho atapasuliwa. Kwamba Gift alipolia kilio cha kwanza duniani, watu wote walikuwepo isipokuwa yeye. Kwamba kwa miaka mitano amekuwa akijaribu kukiwaza kilio kile kilikuwaje, chembamba au kinene, na hawezi. "Nataka kumsikia huyu," alisema. "Basi. Sitaki kingine. Nataka kumsikia anaingia."

Wolfgang alisimama kama aliyemwagiwa maji. Miaka mitano amelala kitanda kimoja na jambo hili, hakulijua. Mama Dafroza aliweka mwiko chini, akaja akaushika uso wa mkwewe kwa viganja vyote viwili.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema. "Kwa nini hukuniambia? Nisikilize. Hata ningekuelewa, nisingekuletea. Wewe una kovu, na mimi nimezika ndugu yangu kwa majani ya namna hiyo. Tena dawa ya kuleta uchungu ningekuwa nayo, ningemnywea huyu mumeo. Alichelewa tumboni mpaka padre akaniuliza kama nilimmeza."

Leokadia alicheka kidogo katikati ya machozi. Wolfgang, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kujua afanye nini na mapenzi yanapomjaa kifuani, aliona kikombe, akaona sufuria, akachota.

"Kama mke wangu haruhusiwi kunywa uchungu," alisema kwa sauti ya kiapo, "nitamnywea mimi."

Akakipiga chote kwa mkupuo mmoja.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha jicho moja likafumba lenyewe. Shavu likafuata. Shingo ikajikunja kuelekea begani, mguu wa kushoto ukainuka, na Wolfgang, mtu mzima, msimamizi wa zamu katika ghala la vifurushi, akaanza kulizunguka jiko kwa mguu mmoja. Alikimbilia maji, akanywa, na maji juu ya mubirizi ni kama kuuamsha. Akatoa sauti ambayo Mama Dafroza alisema hakuisikia tangu wachinje ndama wa Krismasi. Gift alilala sakafuni kwa kucheka. Mushagalusa alipiga mkono gunia lake la unga, vumbi jeupe likajaa jikoni. "Unaona? Miye siuzishe bintu bya bongo, bya kudanganya watu!"

Leokadia alicheka akavunjika mbavu. Alicheka akashika jiko, akaachia jiko akashika friji, akalia kwa kucheka, tumbo lote likiruka. Bulonza naye akaona moto usipoe, akafungua simu yake, gitaa la kwaya ya kwao likamwagika, akamvuta mikono. "Simama! Cheza! Tumuonyeshe mutoto kama huku inje kuko sherehe!" Wakacheza. Bulonza alikatika, Mushagalusa akaingia na mabega, Mama Dafroza akafunga kanga kiunoni akamwonyesha Mushagalusa kwamba Bukoba nako kuna mabega. Leokadia katikati yao alizungusha kiuno kile kizito, polepole, mikono juu, jasho likimtiririka, hana habari na Jumatatu.

Ndipo kitu kikamkaza chini mgongoni, kama mtu aliyemfunga kitenge na kuvuta ncha zote mbili. Kikaachia. Hakusema. Alijua ukikitaja kitu hukimbia. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na kitu kile kikarudi, safari hii kikakaa. Mara ya tatu alimshika Mama Dafroza bega, na kucha zikazama.

Mama Dafroza aliacha kucheza. Alimtazama usoni.

"Ni kicheko hicho?"

"Si kicheko, Mama."

"Hakika?"

"Mama, umekuja! Umekuja wenyewe!"

Nyumba ikageuka soko. Wolfgang alitafuta funguo za gari zilizokuwa mkononi mwake, kisha mubirizi ukamkumbuka akakimbilia chooni na kujifungia. Gari lao lilikuwa limezibwa na gari la mizigo. Bulonza akamchukua Gift, akakifunga kichupa cha Dorcas ndani ya kanga ya Mama Dafroza, akamsukuma Mushagalusa mlangoni. Ndivyo ilivyotokea kwamba Leokadia alipelekwa kujifungua kupitia Dixie Highway katika gari lililojaa samaki wakavu, amekaa mbele, madirisha yote wazi, akipuliza pumzi na kucheka na kupuliza tena, Mama Dafroza akiwa katikati akisali rozari kwa sauti, na Wolfgang, aliyetolewa chooni mbiombio, nyuma juu ya magunia akipiga simu miji yote. Dorcas alipiga ukelele uliosikika gari zima: "Ni tende zangu! Mwambie ni tende zangu!" Nyuma yake ukaingia ujumbe wa Bulonza kwamba asidanganywe mtu, ni pilipili.

"Ni ile mubirizi," alisema Mushagalusa, macho barabarani. "Papa alikunywa, mama akazala. Njo vile."

Uchungu alioutafuta kwa ngazi na kwa deki ulikuja, na ukaja na riba. Usiku ule tuuache upite. Hata mwenyewe hakutaka kuukumbuka, isipokuwa kwamba mashine ya moyo wa mtoto iligonga sawasawa muda wote na kila ilipogonga alijikaza. Kulipopambazuka Jumatatu, alikuwa ameshika reli ya kitanda, nywele zimemsimama, na heshima zote za ukwe amezisahau.

"Dawa ya uchungu!" alipiga kelele. "Mama! Dawa ya uchungu!"

Nesi alimgeukia Wolfgang kuuliza anasema nini. Lakini Mama Dafroza alikuwa ameshainama sikioni mwa mkwewe, na sauti yake ilikuwa na cheko la chinichini.

"Mwanangu, safari hii tuelewane kwanza. Ya kuleta au ya kuondoa?"

"Ya kuondoa! Mama, ya kuondoa!"

"Basi hiyo ninayo." Akakifungua kichupa cha Dorcas, harufu ya karafuu na mnanaa ikajaa chumbani, nesi akapiga chafya, na viganja vya Mama Dafroza vikaanza kumchua kiuno kwa nguvu na upole, juu chini, juu chini. Leokadia alilegea. Kwa mara ya kwanza aliona Dorcas hakukosea kitu.

Mkunga aliingia, akaangalia, akavaa glavu. Akasema sasa. Leokadia alisukuma mpaka akaona nyota mchana. Alisikia Wolfgang akimwita jina, akamsikia mkunga akisema kichwa hicho, mara kitu chote kikateleza, uzito wote ukamtoka, na chumba kikawa kimya.

Kimya. Leokadia aliinua kichwa. Alimwona mkunga akimsugua mgongo kiumbe mdogo wa rangi ya zambarau. Alimwona Mama Dafroza pembeni, kifua kimejaa, mdomo umefunguka, ulimi umeinuka tayari kwa kigelegele alichotoka nacho Bukoba.

"Mama, bado!" alisema Leokadia. "Nyamazeni wote. Tafadhali. Nyamazeni."

Mama Dafroza akakikumbuka kile kilio cha Gift. Akaushika mdomo wake kwa mkono, kigelegele kikabaki ndani, mashavu yametuna, machozi yanamtoka.

Na mtoto akalia.

Kilikuwa kilio chembamba mwanzoni, chenye mkwaruzo, kama mlango mpya unaofunguliwa mara ya kwanza. Kikakatika. Kikarudi kinene, kimekasirika, kimejaa madai. Leokadia alikisikiliza chote. Mtoto alipowekwa kifuani alikisikiliza kwa ngozi, akilia naye, akicheka naye, na Wolfgang amemlazia kichwa begani. Hakuna mtu aliyesema neno. Hata nesi, ambaye Kiswahili hakukijua, alisimama na taulo mkononi bila kusogea.

Alisikiliza hadi kooni mwake kukawa kweupe. Kisha akageuza uso, akamtafuta mamamkwe.

"Haya, Mama," alisema. "Sasa."

Mama Dafroza akaondoa mkono mdomoni.